Maziwa Yaliyokataa Kuchacha

Siku ya kwanza mkaza mwanangu alipoingia jikoni mwangu hapa Timbwani, nilimcheka. Muuza maziwa alikuwa ameondoka sasa hivi, na maziwa aliyotuachia yalikuwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe. Niligeuka kutafuta bakuli la kuyalaza. Kurudi, nikamkuta ameshayatia sufuriani na moto umewaka.

"Mbona wayachemsha?" nikamuuliza.

"Ni mabichi, mama."

"Ndiyo nayataka mabichi. Ya kuchemsha hayalali vizuri. Wayaua maziwa ya watu, mwanangu."

Akazima moto upesi, akaomba radhi. Jirani yangu alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, naye akaangua kicheko, nikacheka naye. Habari ya msichana wa bara anayeua maziwa ikazunguka mtaa mzima kabla ya jua kutua. Kwa miezi mingi baadaye, kila nilipomwona ameshika sufuria, nilimwambia asiue kitu humo ndani. Yeye alikuwa akitabasamu na kuinamisha uso. Naanza na kicheko hicho kwa sababu nikitafuta mahali hatia yangu ilipoanzia, ndipo hapo ninapofika.

Mwanangu ni mmoja tu. Anafanya kazi kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, na huko ndiko alikompata mkewe, binti wa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta riziki na kisha wakarudi kwao. Binti alisilimu, akaolewa, akaanza kujifunza sisi tulivyo. Alijifunza kukuna nazi bila kuchubua vidole. Alijifunza kuitika abee akiitwa, na kutoondoka pahali pa wakubwa bila kuaga. Mahamri yake sasa yanafura kuliko yangu, na hilo sijamwambia. Kitu kimoja tu kilimshinda, maziwa lala. Kwao maziwa hutiwa chai, na kabla ya kutiwa chai huchemshwa mpaka yafure, yatulizwe, yafure tena. Kumwambia mtu aliyelelewa hivyo anywe maziwa ambayo hayajaona moto ni kumtaka akanushe mafunzo ya mamake. Nami nilimtaka hivyo hasa. Nilikuwa nikimwambia kwamba siku atakayomaliza bakuli bila kukunja uso ndiyo siku atakayokuwa wetu kweli.

Niseme maziwa lala ni nini kwetu, kwa asiyejua. Maziwa mabichi hutiwa kwenye bakuli, yakafunikwa kawa, yakaachwa yalale. Asubuhi yanaamka yameganda na yana uchachu mzuri. Mwezi wa Ramadhani huliwa daku, pamoja na wali, ndizi mbivu na sukari, na mtu akila hivyo mchana hautamsumbua sana. Mtaani kwetu daku bila maziwa lala ni jambo la kulalamikiwa. Mamangu alikuwa na kipimo kimoja cha maziwa, nacho ni ulimi. Alitia tone kwenye kiganja, akalamba, akatoa hukumu. Yakiwa matamu ni mabichi, yakiwa machachu yamelala, yakinuka wapewe paka. Sikumjua hata mara moja kukosea. Nilichosahau ni kwamba mamangu hakuwahi kuwa na friji. Katika nyumba yake maziwa hayakupata nafasi ya kukaa siku nyingi na bado yawe matamu.

Friji niliyo nayo alininunulia mwanangu mara tu alipoanza kazi. Niliiweka sebuleni, nikaitandika kitambaa cha kufuma juu yake, na nikaanza utaratibu niliouonea fahari. Ramadhani ikikaribia maziwa huadimika, kila mtu ayataka. Basi mimi nilianza mapema, mwezi wa Shaabani ukielekea mwisho. Kila muuza maziwa akipita nachukua kidogo, natia kwenye chupa za plastiki, naweka kwenye friji vilevile mabichi. Kukiandama mwezi nayatoa yote kwa pamoja, nayalaza, nagawa na kwa majirani. Nilikuwa nikiwaonjesha maziwa ya wiki nzima na kuwauliza kama yana tofauti na ya leo asubuhi. Hayakuwa nayo. Nilifundisha shule ya msingi muda mrefu, na mwalimu akistaafu haachi kufundisha. Niliwasomesha majirani zangu wote faida ya friji, na wenye friji wakaniiga.

Mwaka ule mkaza mwanangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Mwanangu alipangiwa zamu za usiku, na hakupenda mkewe alale peke yake, kwa hivyo akamleta kwangu Ramadhani yote. Nilifurahi mno. Nilimtengea chumba cha uani chenye upepo, na nikamkataza kufunga. Alitaka kufunga, maskini, ili asionekane mgeni. Nikamwambia Mungu amempa ruhusa na mimi nampa amri.

Nilipoyatoa maziwa ya friji mwaka ule, nilionja kama kawaida. Hayakuwa na uchachu hata kidogo. Lakini nyuma ya ulimi palibaki kitu, uchungu mdogo uliokuja baada ya kumeza. Nikaonja tena. Nikamuuliza muuza maziwa kesho yake, naye akasema huenda ng'ombe wamekula mwarobaini, maana kiangazi majani hayapo na ng'ombe hachagui. Jibu hilo lilinitosha. Maziwa mabovu kwangu yalikuwa yale yaliyochacha vibaya, na haya yalikataa kuchacha kabisa. Nikayalaza, yakaganda, nikagawa, kila mtu akashukuru.

Kwa kuwa mkaza mwanangu hakuamshwa daku, nilimwekea bakuli lake kwenye friji, alile asubuhi na kiporo cha wali. Asubuhi moja nilimkuta amesimama nalo, kijiko hakijaingia kinywani.

"Mama, naona kama yana uchungu kidogo."

"Tia sukari."

Akatia sukari. Mimi sikuondoka. Nilisimama mlangoni nimeshika kiuno, nikimwambia kwamba mtoto wa pwani hulelewa na maziwa tangu tumboni, mpaka akalimaliza bakuli na kulikwangua. Uso hakuukunja. Nikampongeza, nikamwambia sasa umekuwa wetu.

Ramadhani ilipokaribia kwisha alipata homa. Haikuwa kali. Alilalamika mgongo na viungo, tukasema ni malaria, tukaenda kupima na haikuwa malaria. Wakampa dawa ya maumivu, akapata nafuu, kisha homa ikarudi. Asubuhi alipokuja kuniambia kwamba mtoto hachezi kama alivyozoea, nilikuwa nakanda unga. Sikunawa hata mikono sawasawa. Hospitali ya upande wetu ikatuelekeza ng'ambo, Mombasa kisiwani, na tukiwa kwenye feri nilikuwa bado nang'oa unga mkavu kwenye kucha, kwa sababu sikujua la kufanya na vidole vyangu.

Daktari alikuwa mwanamke, mtaratibu. Aliagiza damu itolewe ipelekwe maabara, kisha akaketi kitandani akaanza kuuliza maswali. Amesafiri? Amekuwa karibu na mgonjwa? Amekula nini wiki hizi, nyama isiyoiva, maziwa mabichi?

"Nimekula chakula cha nyumbani tu, daktari," mkaza mwanangu akasema.

Alisema akitazama shuka. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba ananisitiri. Amelala pale na dripu mkononi, mtoto wake hatujui yu hali gani, na bado anachunga heshima ya mama mkwe mbele ya watu. Sijawahi kujiona mdogo namna ile.

"Amekula maziwa lala," nikasema. "Mabichi. Nimempa mimi, tena kila siku. Yalikaa kwenye friji zaidi ya wiki kabla ya kuyalaza."

Daktari hakunikaripia. Alisema ataanza dawa ya kuua bakteria bila kungoja majibu, na akatoka kuagiza. Majibu yalipokuja aliniita pembeni, akanieleza kwa utulivu, nami nikamsikiliza kama nilivyokuwa nikitaka wanafunzi wanisikilize. Alisema wapo bakteria wasiojali baridi. Wengi friji huwazuia, hao hapana. Huzaana polepole tu, siku baada ya siku, humo humo kwenye baridi. Akasema damu ya mkaza mwanangu ina mmoja wa hao, na kwamba mwenye mimba na aliye tumboni ndio anaowaumiza zaidi. Mwingine anaweza kula bakuli hilohilo asihisi kitu.

"Lakini hayakuchacha," nikamwambia. "Niliyaonja mwenyewe."

"Bakteria wanaochachusha maziwa ndio baridi inaowazuia, mama. Huyu hana ladha wala harufu."

"Na ule uchungu?"

"Uchungu huletwa na wengine, nao pia huipenda baridi. Ilikuwa dalili tu kwamba maziwa yamekaa sana. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni maziwa. Huenda ni kitu kingine alichokula."

Nilimshukuru. Lakini mkaza mwanangu hakula kitu kingine nisichokipika mimi. Kama si maziwa, bado ni jikoni kwangu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, msichana. Alilia, na ule mlio wake tuliusikia sote. Aliishi mpaka mchana wa siku ya pili. Nilimwosha mimi, kwa sababu mama yake alikuwa hajaweza kusimama na sikutaka mkono mwingine umguse. Alikuwa na nywele nyingi nyeusi na masikio ya mwanangu. Mwanangu alimbeba mikononi na wanaume wakaenda kumzika, nami nikabaki nimeshika taulo lililolowa.

Baada ya hapo nilingoja kulaumiwa. Majirani walipokuja matangani niliwaambia waziwazi, ni maziwa yangu. Walinirukia kunizuia. Wakasema nisiseme hivyo, siku ikifika imefika. Mmoja akasema, "Wallahi sote tuliyala hayohayo, mbona sisi hatukuugua?" Alidhani ananifariji. Nikajaribu kuwaeleza alivyonieleza daktari, wakanipa maji ya kunywa, wakaniambia nimechoka. Mwanangu nilimwita nikamketisha. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, "Mama, tuyaache hayo," akaninyanyua mkono akaubusu, akaondoka. Tangu siku hiyo hupiga simu kila jioni na kunijulia hali, lakini ilipita miezi hajaja. Alisema ni zamu. Sasa mtu akitoka Changamwe apitia barabara ya Dongo Kundu, hata foleni ya feri haimpati, na sote wawili twaijua barabara hiyo.

Nilikuwa na hamu ya mtu wa kunikasirikia. Nilipomkosa, nikakasirika mimi. Nilimgombeza muuza maziwa mlangoni mpaka watu wakatoka kutazama, nikimwambia kwamba ng'ombe wake ni wachafu, na yeye akasimama na mtungi wake akinitazama tu. Nilipoingia ndani nikaona haya. Maziwa aliyaleta alfajiri, yametoka kukamwa. Aliyeyaweka wiki nzima ni mimi. Siku ya pili nikamfuata nikamwomba radhi, naye akasema hapana neno, mwalimu, una msiba. Hata yeye.

Nikageukia friji. Niliichomoa kwenye umeme, nikatoa rafu zote, nikaziosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa dawa. Nilichukua mswaki nikasugua ule mpira wa mlangoni, mikunjo yake yote, na kile kitundu cha chini kinachopitisha maji. Kulitoka uchafu mweusi ambao sikuwahi kujua uko. Miaka yote nilikuwa nikipangusa kitambaa cha kufuma kilicho juu. Nilifikiria kuitupa, kisha nikafikiria mwanangu akija akaona pahali pake ni patupu. Ikabaki. Mpaka leo naiosha kila Ijumaa baada ya sala, na maziwa mabichi hayajaingia humo tena.

Ramadhani iliyofuata jirani yule wa kizingitini alinijia na bakuli lake kama kawaida. "Mwalimu, mwaka huu hutulazii maziwa?"

Nikamlazia, lakini kwa njia nyingine. Niliyachemsha mpaka yakafura, nikayatuliza, yakafura tena. Nikayaacha yapoe hadi kidole kikavumilia, nikatia kijiko cha maziwa lala ya pakiti, nikakoroga, nikafunika kawa. Asubuhi yalikuwa yameganda vizuri, mazito. Ina maana yale maneno yangu kwamba ya kuchemsha hayalali nilikuwa nikiyasema bila kujaribu hata mara moja. Nililisimamia bakuli lile muda mrefu nikilitazama. Kila niliyempa nilimweleza kwa nini, tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka wakaanza kupokea bakuli na kuondoka haraka kabla sijafungua kinywa. Jirani alisema yana ladha ya dukani. Zamani ningemjibu akakoma.

Mkaza mwanangu ana mimba tena. Nilisikia kwa mwanangu kwenye simu, tena alitaja mwishoni, baada ya kuniuliza habari ya mguu wangu. Nikamwambia alhamdulillahi, kisha nikakaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Nilimwomba Mungu nisifanye kitu. Sikujua ombi jingine.

Jumapili iliyopita walikuja wote wawili. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akakaa mkekani karibu nami, tumbo limeanza kuonekana. Mwanangu alitoka kwenda msikitini. Tulipobaki peke yetu nikamshika mkono, nikamwambia neno nililokuwa nimelibeba muda wote huo.

"Mwanangu, nisamehe. Si kwa maziwa tu. Hata kule kukucheka."

"Mama, mimi sikulaumu," akasema. "Hukujua. Na mimi ndiye niliyekula." Alisema kwa upole, na aliniangalia usoni aliposema. Nilimwamini, na bado namwamini.

Nikamuuliza kama atakunywa chai. Akasema hapana, angependa maziwa ya moto kidogo, na akainuka kabla yangu. Nikamfuata jikoni. Alifungua friji, akatoa jagi.

"Nimeyachemsha leo asubuhi," nikamwambia. "Mimi mwenyewe. Yalifura mara mbili."

"Najua, mama."

Akayamimina sufuriani, akawasha moto. Hakuharakisha na hakuona haya. Yalipofura alipunguza moto, akangoja yatulie, akauongeza tena. Mimi nilisimama kando yake nimeshika kikombe, nikingoja aniambie kama yameiva.